Njia za changarawe ndani ya makorongo ya mito: mwongozo wa kuendesha baiskeli pasipo magari

Kwenye barabara ya magari, sikio moja la mwendesha baiskeli huwa mbele na jingine huwa nyuma, likisikiliza lori linalokuja. Ukiingia korongo la mto kwa njia ya changarawe iliyofungwa kwa magari, lile sikio la nyuma hupumzika. Baada ya nusu saa hivi hata mabega hushuka yenyewe. Unasikia maji, kokoto zikisagika chini ya tairi, na ndege wa kwenye magenge ya mawe. Safari za namna hii nazipenda kuliko nyingine zote, na nimeandika mwongozo huu ili anayeanza asijifunze kwa kuumia.

Jambo moja nalisema mapema kwa sababu mengine yote yanalitegemea: korongo ni nyumba yenye milango michache. Tambarare, ukichoka au ukiishiwa maji, unakata kushoto au kulia na kufika kwa watu. Ndani ya korongo upande mmoja ni genge, upande wa pili ni mto. Milango ni ule ulioingilia na ule ulio mbele yako, na kati yake huenda kuna kilomita 30 bila mwanya wowote. Maji unayobeba, saa unayoondoka, hata aina ya tairi, vyote vinaamuliwa na umbali kati ya mlango na mlango.

Hatua ya 1: Tafuta njia iliyoachwa na treni

Njia bora za aina hii mara nyingi hazikuchimbwa kwa ajili ya baiskeli. Zilichimbwa kwa ajili ya treni. Injini ya mvuke haikuweza kupanda mlima mkali, kwa hiyo wahandisi walifuata mito, maana mto ulikuwa umekwisha kukata mwamba na kutafuta mteremko wa polepole kwa maelfu ya miaka. Reli nyingi zilijengwa kwa mwinuko usiozidi asilimia 2, yaani kupanda mita 2 kwa kila mita 100 za kwenda. Reli ilipokufa, vyuma viling'olewa na tuta likabaki: pana, gumu, lenye madaraja na mahandaki yake, na mara nyingi liko mbali na barabara yoyote.

Mfano ninaoupenda ni mto Deschutes katika jimbo la Oregon, Marekani. Kati ya mwaka 1909 na 1911 kampuni za matajiri wawili wa reli, James J. Hill na Edward Harriman, zilishindana kupandisha reli ndani ya korongo lilelile, kila moja kwenye ukingo wake. Mizigo haikutosha reli mbili. Ile ya ukingo wa mashariki iliachwa katika miaka ya 1930, na leo tuta lake, kuanzia pale mto unapoingia mto Columbia, ni njia ya changarawe ya kama kilomita 26 iliyofungwa kwa magari ya umma. Ng'ambo ya maji treni za mizigo bado zinapita, na ukisikia honi yake ikigonga kuta unajua kabisa unapita juu ya mabaki ya ushindani ule.

Korongo la Pine Creek, jimbo la Pennsylvania, lilikuwa na bahati zaidi. Treni ya mwisho ilipita Oktoba 1988, na sasa kuna kama kilomita 100 za mawe ya chokaa yaliyosagwa, laini kuliko changarawe ya kawaida, chini ya kuta ambazo sehemu za kina zinapita mita 400. Huko New Zealand kuna Otago Central, kilomita 152, iliyofunguliwa mwaka 2000, inayovuka korongo la Poolburn kwa daraja refu na mahandaki mawili. Kwa anayeanza ningemwelekeza kwenye mbili hizi kabla ya Deschutes, kwa kuwa milango yake ni mingi zaidi.

Marekani ina njia nyingi za namna hii kwa sababu ya sheria ya mwaka 1983 iliyoruhusu tuta la reli iliyoachwa litumike kama njia ya miguu na baiskeli, huku haki ya kurudisha treni siku moja ikihifadhiwa. Bila hiyo, tuta lingekatwa vipande na kurudi kwa wenye ardhi, na njia iliyokatwa vipande ndani ya korongo haina maana.

Kama eneo lako halina reli iliyokufa, tafuta kwa mpangilio huu: barabara ya zamani iliyofungwa baada ya mpya kujengwa juu ya bonde, njia ya huduma inayofuata mfereji au bomba la maji, kisha njia za misitu zenye mageti. Hizi mbili za mwisho huwa na gari moja moja la wafanyakazi, kwa hiyo usiendeshe katikati ya kona kana kwamba uko peke yako.

Hatua ya 2: Isome ramani mpaka ikuonyeshe milango

Hapa ndipo ninapotumia muda mrefu kuliko mahali pengine popote, na ndipo wengi wanapopita mbio.

Anza na ramani yenye mistari ya kontua, yaani mistari inayounganisha sehemu zenye urefu sawa. Mistari iliyobanana ni genge. Njia inayokata mistari mingi kwa mkupuo ni mlima wa kusukuma baiskeli. Njia inayotembea sambamba na mistari kilomita baada ya kilomita, ikipinda kwa mikunjo mipana bila kona kali, karibu hakika ni tuta la reli. Ukishazoea sura hiyo utaitambua hata pale ramani isipoandika jina lolote.

Halafu fungua ramani huria ya OpenStreetMap, ambayo wachoraji wake huweka alama za aina ya uso wa njia na ruhusa ya magari. Alama hizo ni mwanzo mzuri wa uchunguzi, zisiwe mwisho wake. "Changarawe" kwa mtu mmoja ni unga wa mawe ulioshindiliwa. Kwa mwingine ni mawe makubwa kama ngumi. Picha za setilaiti zitakusaidia kutenganisha: uso mweupe uliolingana kwa kawaida umeshindiliwa, mistari miwili yenye majani katikati ni njia ya gari la zamani, na mahali ambapo mstari unapotea ghafla kwenye mdomo wa korongo dogo la pembeni ni mahali ambapo tuta limemegwa na maji. Hapo paandike.

Usiogope mchoro wa mwinuko unaotolewa na programu za kupanga njia. Ndani ya makorongo michoro hiyo hudanganya sana. Programu huchukua urefu wa ardhi kutoka kwenye data ambayo kipande chake kimoja huweza kubeba mto na genge kwa pamoja, kwa hiyo tuta tambarare linaloshika ubavu wa jabali huonekana kama meno ya msumeno, na handaki huonekana kama kilele cha mlima, kwa sababu kinachopimwa ni mlima ulio juu ya handaki. Nimewaona watu wakiikimbia njia tambarare kabisa kwa sababu programu iliwaambia wangepanda mita 1,500. Tazama urefu wa mwanzo na wa mwisho. Kama ni reli, ukweli uko karibu na tofauti ya hizo mbili.

Kisha tafuta mapengo. Njia ya Roxburgh Gorge huko Otago, New Zealand, ilipofunguliwa mwaka 2013, sehemu yake ya katikati, kama kilomita 12, haikuwa na njia ya kupita. Waendeshaji walipakia baiskeli kwenye boti na kuunganisha safari upande wa pili. Asiyelijua hilo hufika kwenye maji na kulazimika kurudi njia nzima. Mabwawa nayo hula njia. Bwawa la Clyde, hukohuko Otago, lilijaza korongo la Cromwell mwanzoni mwa miaka ya 1990 na kuzamisha reli ya zamani, na njia ya baiskeli ya Lake Dunstan iliyofunguliwa Mei 2021 ilibidi itundikwe juu ya ziwa, sehemu nyingine kwenye majukwaa yaliyofungwa kwa boliti ubavuni mwa mwamba. Kwa hiyo ukiona ramani ya zamani inaonyesha reli na ramani mpya inaonyesha ziwa, amini ziwa.

Sasa chukua karatasi, siyo simu. Chora mstari mmoja mrefu unaowakilisha njia. Juu yake weka kila mlango: daraja linalovuka kwenda barabarani, njia ya miguu inayopanda genge, shamba lenye watu, kambi. Andika umbali kati ya mlango na mlango. Chini ya mstari weka maji, kivuli, handaki na pale ulipoona tuta limemegwa. Karatasi hiyo utaikunja na kuitia kwenye mfuko wa usukani, nayo haiishiwi chaji. Ni muhimu kwa sababu nyingine pia: kuta ndefu huziba setilaiti na kuyarudisha mawimbi yake kama mwangwi, hivyo alama yako kwenye simu inaweza kurukia juu ya genge au katikati ya mto. Ukijua umeshavuka madaraja mawili na handaki moja, unajua ulipo hata simu ikikosea.

Wahenga walisema usisafirie nyota ya mwenzio. Faili ya njia iliyorekodiwa na mtu mwingine itumie kama ushahidi kuwa aliwahi kupita, basi. Huijui tairi yake, hujui mwezi aliopita, na hujui kama alibeba baiskeli begani nusu ya safari.

Hatua ya 3: Uliza kama njia iko wazi

Pigia simu wanaoisimamia njia, wiki ya safari yenyewe. Uliza kuhusu maporomoko ya mawe, moto, madaraja yaliyofungwa, msimu wa uwindaji na kibali. Julai 2018 moto wa nyika uliteketeza sehemu kubwa ya korongo la chini la Deschutes katika siku chache. Kwenye njia ya Great Allegheny Passage huko Marekani, kilomita 240 kati ya Cumberland na Pittsburgh, handaki la Big Savage lenye urefu wa kama kilomita moja hufungwa majira ya baridi, na asiyeuliza hufika kwenye milango iliyofungwa juu ya mlima wenye theluji. Simu ya dakika tano inatosha.

Hatua ya 4: Chagua mwelekeo kwa upepo, siyo kwa mteremko

Safari yangu ya kwanza ndefu ndani ya korongo niliipanga niende na maji, kutoka juu kwenda chini, nikiamini mteremko ungenibeba. Niliondoka saa 5 asubuhi. Kufika saa 8 mchana nilikuwa nakanyaga pedali kwa nguvu zote kwenye mteremko, na baiskeli haitaki kwenda.

Sababu yake ni rahisi, na ingefaa iandikwe kwenye kila kibao cha mwanzo wa njia. Mchana jua hupasha moto kuta za korongo, hewa iliyopata joto hupanda, na hewa nyingine huvutwa kutoka chini ya bonde kuja kujaza nafasi yake. Upepo wa mchana kwa kawaida hupanda mto. Usiku na alfajiri mambo hugeuka: hewa ya baridi, kwa kuwa ni nzito, huteremka polepole kufuata maji. Mto unaoshuka mita 3 kwa kila kilomita unakupa mteremko wa asilimia 0.3, ambao mguu hauuhisi. Upepo wa kilomita 25 kwa saa usoni mguu unauhisi sana.

Kwa hiyo, kama unakwenda upande mmoja tu kuelekea chini, ondoka saa 12 asubuhi na umalize kabla ya adhuhuri. Kama unapanda, unaweza kuondoka kwa utulivu zaidi na kuuacha upepo wa mchana ukusukume. Kama ni kwenda na kurudi na geti lako liko chini ya korongo, kama ilivyo Deschutes, kumbuka upepo mkali utakukuta usoni wakati wa kurudi, ukiwa umechoka. Geuza mapema. Kama geti liko juu, alfajiri utashuka na kahewa kepesi nyuma yako na mchana utapandishwa na upepo. Ni mpango mzuri ajabu pale joto linaporuhusu.

Joto nalo lina tabia yake. Kuta za mwamba hunyonya jua mchana kutwa na kulirudisha jioni, kwa hiyo jua kuzama nyuma ya genge hakumaanishi baridi imefika. Tazama kwenye ramani korongo linaelekea wapi. Linalokwenda kaskazini-kusini huwa na kivuli cha ukuta wa mashariki asubuhi na cha ukuta wa magharibi alasiri. Linalokwenda mashariki-magharibi linaweza kukaa juani siku nzima.

Hatua ya 5: Hesabu mvua isiyokunyeshea

Dalili ya mvua ni mawingu, lakini ndani ya korongo methali hiyo inaweza kukuua. Unaona kipande chembamba cha anga, cha buluu, safi. Mvua imenyesha kilomita nyingi juu yako, kwenye ardhi kavu isiyonyonya maji, na sasa maji yote yanatafuta mlango uleule uliopo wewe.

Agosti 12, 1997, watalii 11 walikufa ndani ya Antelope Canyon huko Arizona. Dhoruba iliyowaua ilinyesha mbali upande wa juu. Nchini Kenya, Septemba 2019, watu 7 walisombwa na mafuriko ya ghafla kwenye korongo la Hell's Gate. Hao walikuwa wakitembea kwa miguu kwenye nyufa nyembamba, na tuta la reli kwa kawaida liko juu zaidi ya maji. Hata hivyo tuta linavuka midomo ya makorongo madogo ya pembeni, na midomo hiyo ndiyo hatari ya mwendesha baiskeli. Utaitambua: njia inainama kidogo, kuna kalavati chini au mabaki yake, na ardhi imetawanyika kama feni, mawe makubwa juu na mchanga chini. Mawe yale yaliletwa na maji.

Kabla ya kuondoka, soma utabiri wa eneo lote linaloingiza maji kwenye mto wako, na siyo wa pale unapoanzia tu. Kama kuna onyo la mafuriko, ahirisha. Ukiwa ndani, maji kubadilika rangi kuwa ya udongo, vijiti na povu kuanza kuelea, au ngurumo isiyokoma kama ya treni inayokuja, ni amri ya kupanda juu mara hiyo. Iache baiskeli. Usivuke maji yanayotembea juu ya njia ukidhani ni mita mbili tu. Huoni kama chini yake bado kuna tuta. Kaa upande uliopo, kwa saa kadhaa ikibidi. Maji ya ghafla kwa kawaida hushuka haraka kama yalivyopanda.

Mto ulio chini ya bwawa una jambo jingine: unaweza kupanda siku isiyo na tone la mvua popote, kwa sababu mtu amefungua mageti. Soma vibao, ujue king'ora kinasikikaje, na usilaze baiskeli wala kulala mwenyewe kwenye mchanga wa ukingo. Tafuta alama ya maji ya juu, takataka zilizonasa kwenye matawi, na uweke kambi juu yake, mbali na midomo ya pembeni na mbali na jabali lenye kovu jipya. Kovu jipya lina rangi angavu kuliko mwamba unaolizunguka, na chini yake huwa kuna mawe yenye ncha kali yasiyo na vumbi wala majani.

Hatua ya 6: Tairi, na mbigili

Baiskeli yoyote imara yenye breki nzuri na nafasi ya tairi la milimita 40 hadi 50 inafaa. Sitasema zaidi kuhusu fremu. Kinachoamua safari ni tairi na upepo uliomo.

Watu wengi hujaza upepo kupita kiasi. Tairi gumu hudunda juu ya kokoto, na kila dundo linakula mwendo na mikono yako. Mtu wa kilo 70 hadi 75 mwenye tairi la milimita 45 lisilo na tyubu anaweza kuanzia psi 30 (kipimo cha msukumo wa upepo kinachoonekana kwenye pampu) mbele na 33 nyuma. Mwenye tyubu aongeze kama psi 5, ili rimu isiibane tyubu ikipiga jiwe. Mwenye mizigo aongeze kidogo nyuma. Kisha endesha kilomita moja: usukani ukitetemeka sana punguza, ukisikia rimu inagonga ongeza.

Mbigili anastahili aya yake. Ni mmea uleule unaotambaa kwenye viwanja vikavu, wenye ua dogo la njano. Umesambaa hadi makorongo makavu ya magharibi mwa Marekani na hupenda kingo za njia zilizokanyagwa. Tunda lake likikauka hupasuka vipande vinne au vitano, na kipande hata kikianguka vipi, mwiba mmoja hutazama juu. Tairi moja linaweza kuokota kumi kwa mita chache. Dawa ya kuziba pancha ndani ya tairi lisilo na tyubu ndiyo kinga bora ninayoijua; ukiona mwiba umezama usiung'oe papo hapo, maana huenda ndio unaoziba tundu. Zungusha gurudumu kwanza ili dawa ifike, kisha ung'oe. Mwenye tyubu abebe tyubu mbili, viraka visivyopungua kumi, gundi ambayo haijakauka, na pampu. Na kila mtu afuate adabu hii: ukisimama, simama kwenye njia iliyokanyagwa. Baiskeli ikihitaji kutoka nje ya njia, ibebe, usiisukume.

Zaidi ya hapo: spoku mbili za akiba, kiungo cha mnyororo, kifaa cha kukatia mnyororo, kamba za plastiki za kufungia, na kipande cha tairi la zamani cha kuweka ndani ya tairi lililochanika. Ndani ya korongo wewe ndiye fundi.

Hatua ya 7: Maji yako mbele ya macho, lakini usiyanywe hivihivi

Ni jambo la ajabu kuishiwa maji ukiwa kando ya mto, na hutokea. Tuta mara nyingi liko mita 20 juu ya mto kwa ukuta usioshukika. Beba lita moja kwa kila saa mbili siku ya wastani, lita moja kwa kila saa siku ya joto kali, na upime kwa ile karatasi yako: maji ya kutosha kutoka chanzo hadi chanzo, na chupa moja ya ziada.

Maji ya mto yachujwe au yachemshwe. Yakitokota dakika moja yanatosha. Juu ya mita 2,000 ziwe dakika tatu. Maji ya matope yaache yatue kwanza kwenye chombo, la sivyo yataziba kichujio mapema. Kama juu yako kuna migodi au mashamba makubwa yanayopigwa dawa, kuchemsha hakuondoi kemikali, kwa hiyo chota kwenye kijito safi cha pembeni au beba yote kutoka mwanzo.

Hatua ya 8: Namna ya kuendesha

Legeza mikono. Kwenye changarawe gurudumu la mbele linataka kutafuta njia yake, na anayelishika kwa nguvu ndiye anayeanguka. Tazama mbali, mita 15 hadi 20, pale unapotaka kwenda. Ukilikazia macho jiwe utaligonga. Funga breki kabla ya kona, uachie ukiwa ndani yake, uzito ukiwa kwenye pedali ya nje iliyo chini. Pale njia ilipojikunja mawimbi kama bati la kuezekea, inuka kidogo kwenye kiti na upite ukingoni mwake.

Mbao za madaraja zikiwa na maji huteleza kama sabuni: usipinde, usifunge breki, na vuka nyufa za mbao kwa pembe iliyonyooka. Kabla ya handaki simama, vua miwani ya jua, washa taa, na uyape macho dakika moja. Mengine yana kona katikati na giza lake ni kamili. Humo ndani kuna mashimo ya maji, na kwenye nchi za baridi kuna barafu inayodumu hata nje kukiwa na jua. Mimi hushuka na kusukuma kama siioni njia vizuri.

Ukikutana na farasi, punguza mwendo mapema na umsemeshe mpandaji, ili mnyama ajue kuwa kinachokuja ni binadamu, kisha usimame upande wa chini wa mteremko. Geti ulilolikuta limefungwa lifunge, ulilolikuta wazi liache wazi. Nyoka hupenda joto la tuta asubuhi na jioni. Mpe nafasi ataondoka. Aliyeumwa atulizwe, kiungo kisitikiswe, pasikatwe wala kufungwa kamba, na msaada utafutwe mara moja.

Hatua ya 9: Mtu wa nje, na saa ya kugeuka

Simu nyingi hazishiki ndani ya korongo. Mtu mmoja aliye nje awe na nakala ya ile karatasi yako, saa unayotarajia kutoka, na saa nyingine ya baadaye ambayo ikipita bila habari zako apige simu ya uokoaji pasipo kusitasita. Kifaa cha kutuma ujumbe kwa setilaiti ni kizuri sana, lakini nacho kinahitaji anga; kiweke mahali palipo wazi zaidi na ukipe dakika kadhaa, maana setilaiti inapita juu ya ule mwanya mwembamba kwa muda mfupi.

Saa ya kugeuka iamue nyumbani, ukiwa umetulia, na uiandike. Kwa safari ya kwenda na kurudi mimi hugeuka theluthi moja ya maji au ya mwanga wa siku ikishatumika, chochote kitakachotangulia. Theluthi ya pili ni ya kurudi. Ya tatu ni ya pancha, upepo na rafiki aliyechoka. Kwenye changarawe ukiwa na mizigo hesabu kilomita 12 hadi 15 kwa saa pamoja na mapumziko, hata kama lami huwa unakwenda 25.

Hatua ya 10: Kabla hujapakia baiskeli

Ukifika getini, mjulishe yule mtu wa nje kabla ya kufanya lolote jingine. Kisha geuza baiskeli magurudumu juu na uyapitie matairi kwa kidole chenye glovu, nyayo za viatu vyako pia, na chini ya mifuko. Kila mwiba wa mbigili utakaouona ni mbegu. Usiutupe chini getini, ambako tairi la anayefuata litauokota na kuupeleka kwenye korongo lisilokuwa nao. Weka kwenye mfuko, ufunge, uondoke nayo.